Tippu Tip na Nyaraka Alizozitia Mkono

Katika safu yetu ya Ijumaa hii tunamzungumzia mtu ambaye jina lake linajulikana na kila aliyesoma historia ya shule katika nchi zetu za Afrika Mashariki, naye ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, aliyeitwa na watu wa bara Tippu Tip. Wengi humfahamu kwa pembe za ndovu, kwa bunduki na kwa watumwa, na hayo yote ni kweli. Sisi leo tumekusudia kumtazama kwa upande ambao vitabu huupita haraka, nao ni karatasi. Mtu huyu aliishi miaka hamsini ya biashara akiwa amefungwa na nyaraka: nyaraka za deni, mikataba ya safari na madai ya mahakamani. Baadhi ya nyaraka hizo alizielewa neno kwa neno. Nyingine ziliandikwa kwa maneno yaliyotungwa na watu wa mbali, naye akatia mkono.

Ni vyema kwanza tukumbushane asili ya jambo lenyewe. Katika Sura ya pili, Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewaelekeza waumini namna ya kukopeshana kwa muda maalumu. Deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika, na wawepo mashahidi. Lakini limo jambo moja ambalo wengi wetu hatulizingatii. Anayetakiwa kumtamkia mwandishi maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Akiwa hana uwezo wa kufanya hivyo, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake. Mwenye mali hakupewa kazi hiyo, na hekima yake iko wazi: maneno yanayomfunga mtu yatoke katika kinywa chake mwenyewe, ili asije akafungwa na asichokijua.

Kutokana na maelekezo haya ilizaliwa elimu nzima ya uandishi wa hati, iliyoitwa na wanavyuoni elimu ya shuruti. Imamu Abu Ja'far al-Tahawi wa Misri, aliyefariki mwaka 321 Hijria, sawa na mwaka 933, alitunga vitabu vya violezo, yaani maneno yaliyokwisha kupangwa kwa kila aina ya muamala, ambayo katibu huyanakili na kujaza majina, kiasi na tarehe. Kiolezo hakikuwa uvivu, la hasha. Kilikuwa kinga. Katibu wa mji mdogo asiyekuwa na elimu ya kutosha ya fiqhi aliweza kuandika hati ambayo kadhi yeyote angeikubali, kwa kuwa kila neno lilikwisha kupimwa na wajuzi, na kila mwanya wa ugomvi ulikwisha kuzibwa. Katika nyaraka za kale za Misri tunaona hata idadi ya fedha ikiandikwa kwa maneno na kisha nusu yake ikatajwa pia, ili mtu asije akaongeza herufi na kuugeuza mkopo wa mia kuwa wa elfu.

Elimu hiyo ilifika Oman na kuvuka bahari hadi Unguja pamoja na majahazi. Waraka wa deni wa Unguja katika karne ya 19 ulikuwa mfupi na wa namna moja. Huanza kwa kumtaja mdaiwa kwa jina lake, la baba yake na la kabila lake, kwamba amekiri juu ya nafsi yake. Hufuata jina la mdai, kiasi cha reale au frasila za pembe, muda wa kulipa, pengine na shamba au nyumba iliyofungwa kwa deni hilo. Mwisho huja tarehe ya Hijria, mashahidi, na jina la katibu aliyeandika kwa mkono wake, akijiita fakiri wa Mola wake. Tazama kwamba kitenzi cha kwanza ni kukiri, na anayekiri ni mdaiwa. Kiolezo chenyewe kilibeba amri ya aya.

Hamed alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837, katika zama za Seyyid Said. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara aliyefanya maskani Unyanyembe, karibu na Tabora, na huko alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kijana Hamed alianza na biashara ndogo ya sandarusi katika Mrima. Alipofikia umri wa miaka kama 18 alifuatana na baba yake kwenda Unyamwezi, na kuanzia hapo barabara ya kati ndiyo ikawa shule yake.

Barabara hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Usagara na Ugogo, kisha ikaingia katika pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa haba na wapagazi wakifa njiani. Upande wa pili wa pori hilo ndipo palipokuwa na Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Wasafiri wa zamani, akiwemo Mwingereza Richard Burton aliyepita mwaka 1857, waliandika kwamba jina hilo kwa lugha ya wenyeji ni amri ya kutua mzigo. Mpagazi aliyefika Tura alijua kwamba Tabora haiko mbali, chakula kipo, na jora la merikani lililomchubua bega tangu pwani litapumzika walau usiku mmoja.

Jora lile halikuwa mali ya mpagazi, na mara nyingi halikuwa mali ya bwana wa msafara pia. Lilikopwa. Karibu msafara wote uliopita Tura kuelekea magharibi ulikuwa umebeba deni: merikani, kaniki, shanga na nyaya zilizotolewa na matajiri wa Kihindi wa Unguja kwa ahadi ya kulipwa pembe baada ya mwaka, miaka miwili au zaidi. Unguja palikuwa na waraka kwa kila mzigo, na bara palikuwa na mtu aliyekiri. Wapo waliokwenda bara kutafuta pembe, na wapo waliokwenda ili deni lisiwafikie. Wa namna hii ya pili walizeekea Tabora, Ujiji na Manyema, wala hawakuiona tena pwani.

Katika safari yake ya mapema na baba yake, Hamed alionyesha tabia iliyomwongoza maisha yake yote. Baba alipotaka kurudi Tabora na kuiacha mali mikononi mwa mtu mwingine, kijana alikataa kuwekwa chini ya mtu. Akasema ama akabidhiwe yeye, ama arudi. Akakabidhiwa. Tunaweza kusema kwamba huo ndio mkataba wake wa kwanza, na haukuwa na waraka wala shahidi zaidi ya damu ya baba na mwana.

Mwaka 1867, baada ya kumshinda mtemi Nsama karibu na Ziwa Tanganyika na kuchukua pembe nyingi, jina lake likawa kubwa. Mwaka huo huo alikutana na David Livingstone na kumsaidia. Aliporudi pwani, tajiri Taria Topan, Mhindi wa jamaa ya Khoja kutoka Kutch, alimpa bidhaa za makumi ya maelfu ya reale. Taria hakuwa na jeshi la kumfuata mdaiwa wake huko Manyema, wala kadhi wa Unguja hakuwa na mkono wa kufika huko. Alichokuwa nacho ni waraka, jina la mtu, na mashamba na jamaa waliobaki Unguja. Tippu Tip aliondoka mnamo mwaka 1870, naye hakurudi hadi mwaka 1882. Kwa miaka 12 waraka ule ulikaa sandukuni. Seyyid Majid akafariki, Seyyid Barghash akatawala, na aliyekopa bado yuko bara. Hata hivyo alirudi, akapita Tabora na kushuka pwani na pembe zisizokuwa na mfano, na Taria akalipwa. Katika historia ya biashara yetu hatujui mfano ulio wazi kuliko huu wa nguvu ya karatasi fupi ambayo pande zote mbili zimeielewa.

Hatuna budi kuongeza jambo linalotuumiza. Waliolipia deni lile kwa hakika hawakuwa katika waraka. Vijiji vya Manyema vilivyochomwa, wanawake na watoto waliotekwa, wanaume waliofungwa minyororo na kubebeshwa pembe hadi pwani, hao hawakukiri lolote wala hawakutamka lolote mbele ya katibu. Majina yao huonekana, kama yakionekana, katika hati za mauzo ambamo wao ndio kitu kinachouzwa, au katika hati za huru, pale bwana alipowaacha kwa ajili ya Mungu. Hati ya huru nayo ilikuwa na kiolezo chake, na pengine ndiyo hati nzuri kuliko zote alizopata kuandika katibu wa Unguja. Lakini kiolezo kizuri hakikulitakasa lile lililotangulia. Wenye kumsifu Tippu Tip kwa ushujaa tu wanapaswa kulitazama hilo bila kugeuza uso.

Lipo pia tatizo lililowashughulisha wanavyuoni. Mkopo wenye ziada ni riba, nayo ni haramu. Wafanyabiashara wakatumia mauzo ya khiyari: mtu humuuzia tajiri nyumba au shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha bei katika muda fulani mali inamrudia, na katika muda huo huendelea kukaa humo akilipa kodi. Kwa maneno ya hati ni mauzo. Kwa macho ya wengi ni mkopo uliovaa kanzu ya mauzo. Maulamaa wa Oman walibishana sana juu ya jambo hili, wengine wakiruhusu kwa masharti na wengine wakilikemea. Hapa tunaona hatari ya kiolezo: kila neno laweza kuwa halali na nia ikawa nyingine kabisa, na katibu anayenakili haulizi nia.

Turudi bara. Katika miaka ile ya 1870, Tippu Tip alipata utawala wa Utetera bila karatasi yoyote. Alimwendea mtemi mzee Kasongo Rushie na kumweleza kwamba bibi yake alikuwa ndugu wa mtemi huyo, aliyetekwa zamani na kupelekwa pwani. Mzee akaamini, akampa nchi. Yeye mwenyewe ameisimulia habari hiyo bila haya katika maisha yake aliyoyaandika. Kwa Taria Topan alihitaji waraka na mashahidi ili apate vitambaa, na kwa mtemi wa Utetera neno la mdomo lilitosha kupata nchi nzima. Wanaodhani kwamba anayeandika ndiye mwaminifu na asiyeandika ndiye mjanja wafikiri upya.

Mwezi Oktoba 1876 alimfikia Henry Morton Stanley, akitaka msaada wa kushuka mto ambao leo tunauita Kongo. Wakaandikiana mkataba: Tippu Tip na watu wake wamsindikize kwa vituo 60 vya safari, naye alipwe reale 5,000, kwa mujibu wa kitabu cha Stanley. Msitu ukawa mzito, maradhi yakaingia, na mwishoni mwa Desemba wakaachana kabla ya vituo kutimia, Stanley akitoa hawala ya sehemu tu ya fedha. Tippu Tip katika maelezo yake anataja kiasi kikubwa kuliko hicho, na ahadi za zawadi nyingi, kisha anasema kwamba kilichomfikia baadaye kutoka kwa Stanley ni picha yake. Nani alikuwa mkweli? Tunachokiona ni kwamba mkataba wa Stanley uliandikwa kwa desturi ya kizungu, wenye vifungu vya kumlinda aliyeuandaa, na yaliyosemwa kwa Kiswahili pembeni mwa karatasi, ambayo Tippu Tip aliyahesabu kuwa sehemu ya mapatano, hayakuwa na mahali katika vifungu hivyo.

Baada ya hapo karatasi za namna hiyo zikaifurika nchi. Mwezi Novemba 1884 Karl Peters alipita Usagara, katika barabara ile ile ya misafara, akiwa na mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani, karibu maneno yale yale kwa kila mtawala. Mangungo wa Msovero, ambaye kila mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa jina lake, alitia alama yake katika mmojawapo. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi kwa msingi wa karatasi hizo. Navyo vilikuwa violezo. Tofauti ni kwamba waraka wa Unguja ulimfanya mdaiwa akiri kwa lugha na sheria anayoijua, ilhali karatasi ya Peters ilimfanya Mangungo aseme asichokisema. Haistaajabishi kwamba Barghash, aliyekuwa akimtegemea Tippu Tip amshikilie bara, alifika mahali pa kumweleza kwamba hana tena uwezo wa kulinda nchi hiyo.

Hapo ndipo Tippu Tip alipofanya lile ambalo wengi wamemlaumu. Mwezi Februari 1887, hapo Unguja, mbele ya balozi wa Uingereza, alitia mkono mikataba miwili na Stanley. Kwa mmoja alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Kwa mwingine aliahidi kutoa wapagazi 600 wa kubeba risasi kuelekea Ziwa Albert, katika safari ya kumwokoa Emin Pasha, nao warudi na pembe. Wakapanda meli pamoja na kuzunguka Afrika kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema.

Safari ile iligeuka msiba. Stanley alitangulia msituni mwezi Juni 1887 na kuacha kikosi cha nyuma Yambuya. Wapagazi walichelewa takriban mwaka mzima, na walipofika Juni 1888 walikuwa wachache kuliko 600. Kambini watu walikufa kwa njaa na maradhi, na Meja Barttelot, mkubwa wa kikosi, akapigwa risasi mwezi Julai 1888. Stanley alimtupia Tippu Tip lawama. Tippu Tip naye alishikilia kwamba Stanley alipaswa kuwapa watu wake baruti na hakutoa. Kwa mfanyabiashara wa Tabora na Manyema, mpagazi asiye na baruti katika msitu wenye vita ni mtu aliyepelekwa kufa, na ahadi ya baruti ndiyo iliyokuwa roho ya mapatano.

Stanley alipofika Unguja mwishoni mwa mwaka 1889 aliifungulia kesi mahakama ya ubalozi wa Uingereza, akidai paundi 10,000. Fedha za Tippu Tip zilizokuwa kwa Jaffar, mtoto wa Taria Topan, zikazuiwa. Kwa nini mahakama hiyo? Kwa sababu tangu mwaka 1866 balozi alikuwa na mamlaka ya hukumu juu ya raia wa Kiingereza Unguja, na Wahindi walihesabiwa humo. Mali ya Mwarabu, ikiwa mkononi mwa Mhindi, iliweza kufikiwa. Waraka ule wa zamani, uliotungwa kwa ajili ya kadhi, sasa ulikuwa unasomwa na hakimu wa sheria nyingine.

Habari zilimfikia bara. Akaanza safari ya mwisho kuelekea pwani kwa ile barabara ya kati, akiwa mgonjwa, na mwezi Julai 1891 akaingia Unguja. Hakurudi tena. Kesi ya Stanley iliondolewa bila hukumu juu ya asili ya jambo, kwa hiyo hatutapata kamwe kujua mahakama ingeamua nini juu ya baruti. Mwaka 1893 mwanawe Sefu aliuawa katika vita na Wabelgiji, na dola aliyoijenga huko Manyema ikafutika. Kisha akaja mshirika wake wa zamani wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan el-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza, wakafikishana mahakamani juu ya mali ya ushirika wao. Ushirika wa bara ulikuwa wa kuaminiana, mmoja akitoa bidhaa na mwingine akitoa watu, na hesabu zikiahirishwa mwaka baada ya mwaka. Tunathubutu kusema kwamba katika kesi zake zote hii ndiyo iliyokuwa nzito zaidi moyoni, kwani Stanley alikuwa mgeni, na Rumaliza alikuwa mtu wa nyumbani.

Wakulima wa tumbaku wa Uyui, wilaya iliyomo Tura ya leo, hawatashangazwa na habari hizi. Wao hupokea pembejeo kwa mkopo kupitia vyama vyao vya msingi, na kulipa kwa zao lenyewe, kama misafara ilivyolipa kwa pembe. Fomu huja zimekwisha kuchapwa. Wengine wetu mijini hununua karatasi ya mauziano ya kiwanja dukani, tukajaza majina mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wala hatusomi yaliyo katikati. Tukiwauliza wazee wetu, watasema mwandishi wa zamani alikuwa na ada ya kuisoma hati kwa sauti mbele ya wote kabla ya kutia jina lake.

Katika uzee wake, akiwa Unguja, Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi na kuzichapisha Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, na zinahesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya mtu kujieleza maisha yake kwa lugha yetu. Mwenye kuyasoma ataona namna anavyotaja kila mara kiasi, muda, nani alikopesha na nani alishuhudia, hata katikati ya vita. Ni mkono wa mtu aliyezoea waraka. Safari hii, walau, mdaiwa ndiye aliyetamka.

Alifariki Unguja mwezi Juni 1905 kwa homa ya malaria. Nyumba yake yenye mlango wa nakshi bado ipo Shangani. Kwa mujibu wa sheria ya mirathi, kabla ya warithi kupata chochote, mazishi hulipiwa, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Hati nyingi za zama zake zilizosajiliwa zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, huko Kilimani, moja baada ya nyingine, zikiwa na maneno yale yale ya kukiri na majina tofauti.